Mkono Mdogo Sokoni: Habari za Watoto na Biashara katika Nchi ya Meru na Embu



Ni desturi ya kijitabu hiki kuanza na hesabu za fedha, kisha majina ya waliotutangulia mbele ya haki, kisha shukrani. Mwaka huu Halmashauri imetuagiza tuongeze kurasa chache za historia, na sababu yake ni mabishano yaliyozuka katika Mkutano Mkuu. Mwanachama mmoja alisimama akaomba Mfuko wa Karo usimsaidie tena mtoto yeyote aonekanaye akichuma miraa au akiuza ndizi barabarani siku ya shule, akisema ya kuwa mtoto aliyekwisha kuionja fedha hafundishiki. Mama mmoja mwenye kibanda sokoni akamjibu kwamba nusu ya wazee waliokaa katika chumba kile wasingalijua kuhesabu kama hawakuuza mayai walipokuwa wadogo. Watu walicheka, lakini neno lenyewe halikukatwa. Likarudishwa kwa Halmashauri, na Halmashauri ikalileta kwetu sisi makarani, ili tuwape wanachama habari za mambo yalivyokuwa kabla hawajapiga kura juu ya mambo yatakavyokuwa.

Basi twaandika kwa unyenyekevu, tukijua ya kuwa wapo wasomaji wanaoyajua mengine ya haya kwa migongo yao wenyewe.

KABLA YA SARAFU

Nchi yetu imeumbwa kwa ngazi. Juu, chini ya msitu wa Mlima Kenya, pana baridi na mvua na migomba. Chini, Tharaka na Mbeere, pana jua na mbuzi na mizinga ya nyuki. Kwa sababu hiyo watu wa juu na watu wa chini hawakuweza kuishi pasipo kubadilishana. Ndizi, viazi vikuu na kunde ziliteremka. Mbuzi, asali, mtama na wimbi vikapanda. Njaa ilipoingia upande mmoja, magulio yalikuwa mlango wa uzima kwa upande wa pili.

Katika magulio hayo mtoto alikuwapo siku zote. Binti alifuatana na mama yake akiwa na mzigo wake mdogo mgongoni, naye alisimama kimya akiwatazama wanawake wazima wanavyopima kwa kibuyu na kikapu, na wanavyokataa bei ya kwanza pasipo kumvunjia mtu heshima. Mvulana alichunga mbuzi wa baba yake au wa jamaa, na mchungaji mwema aliweza kupewa mwana-mbuzi awe wake. Hapo ndipo alipoanza kuwa mtu mwenye mali: akamlinda mbuzi yule kuliko wengine, akangoja azae, akajifunza ya kwamba anayechinja mapema hana kundi.

Hata miraa ya Igembe, ambayo leo inaleta ugomvi, ilikuwa na mipaka yake. Ilikuwa kitu cha wazee na cha heshima. Fungu lake maalum, liitwalo ncoolo, lilipelekwa na mposaji kwa wazazi wa msichana, na liliwekwa mbele ya wazee penye shauri. Kijana hakutarajiwa kuitafuna. Wala hatusemi kwamba zamani hizo zilikuwa za raha tupu, la hasha. Kazi ya mtoto ilikuwa nzito, na pigo lilikuwa jepesi. Lakini kazi ile na malezi vilikuwa kitu kimoja, na mtu aliyemfanyisha mtoto kazi ndiye aliyemlisha na ndiye aliyetarajiwa kumwoza.

KODI, DUKA NA KIPANDE

Waingereza waliishinda Embu kwa silaha mwaka 1906. Mwaka 1908 Bwana E. B. Horne, ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi, akaweka kituo cha Serikali huko Meru. Pamoja na Serikali ikaja kodi ya nyumba, na kodi haikulipwa kwa ndizi, ilidaiwa kwa rupia. Baadaye, rupia ilipoondolewa kati ya mwaka 1920 na 1922, ikadaiwa kwa shilingi. Tangu siku hiyo kila kitu cha nyumbani kiligeuka kuwa na bei ya sarafu: kuku, yai, ngozi, mzigo wa kuni. Na kwa kuwa baba alikwenda kutafuta mshahara katika mashamba ya walowezi au mjini, yai lile lilipelekwa sokoni na mama au na mtoto.

Wahindi walifungua maduka katika vituo vya Meru na Embu na katika masoko madogo. Mvulana aliyeajiriwa kufagia duka aliona mambo ambayo shule ilikuwa haijayafundisha: mizani, daftari la madeni, chupa ya mafuta ya taa inayouzwa kwa vipimo vidogo vidogo hadi inazaa faida. Wengine walikaa barazani karibu na fundi wa cherehani, wakashona vifungo, kisha mifuko, kisha kaptula nzima.

Shule nazo zilikuja kwa mkono wa misheni. Wamisionari wa CMS walifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Mapadre wa Consolata waliingia Meru mwaka 1911. Wamethodisti wakaanza Kaaga mwaka 1912. Na mwaka 1922 Daktari Archibald Irvine wa Kanisa la Scotland akafungua kazi ya Chogoria. Ndipo swali letu la leo lilipozaliwa. Kabla ya shule hapakuwa na mtu wa kusema kwamba mtoto wa sokoni yuko mahali pasipomfaa, maana hapakuwa na mahali pengine pa kumweka. Shule ilipokuja, kila saa ya mtoto ilikuwa na wadai wawili, mwalimu na kikapu.

Serikali yenyewe haikuwa na nia moja. Kipande kilichoanza kutumika baada ya vita vya kwanza vya dunia kiliwahusu wanaume wa miaka 16 na zaidi. Walio chini ya hapo walikwenda mashambani pasipo kipande, kwa mshahara mdogo zaidi. Sheria ya kazi ilipoweka miaka 10 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, Arkidikoni Walter Edwin Owen wa Nyanza alipaza sauti mwaka 1938 hata katika magazeti ya Uingereza, akipinga kuandikwa kazi kwa watoto wadogo namna hiyo. Kamati ikaundwa, nayo ikapendekeza umri huo upandishwe hadi miaka 12. Tunayakumbuka haya ili tuone ya kuwa mabishano ya Mkutano wetu si mapya. Yamekwisha kupita miaka themanini.

KAHAWA NA DEBE

Kwa muda mrefu Mwafrika wa Kenya alizuiliwa kupanda kahawa, wakati Mwafrika wa Kilimanjaro na Bukoba alikuwa akiiuza. Katikati ya miaka ya 1930 Serikali ilikubali kufanya majaribio katika wilaya tatu tu, Meru, Embu na Kisii, kwa miche iliyohesabiwa na chini ya ulinzi mkali. Hivyo nchi yetu ilitangulia. Mpango wa Swynnerton ulipotangazwa mwaka 1954 na mlango ukafunguliwa wazi, jirani zetu walikuja kuyatazama mashamba yetu.

Lakini kahawa ni mmea unaotaka vidole vingi. Matunda hayaivi kwa siku moja. Yachumwa mekundu, moja moja, na mabichi yaachwa. Yakishachumwa hayangoji: sharti yafike kiwandani siku ile ile, yasije yakachacha. Vidole vyepesi vya mtoto vilifaa mno. Malipo yalikuwa kwa debe, na debe likawa kitabu cha kwanza cha hesabu kwa watoto wengi wa Embu na Meru. Sisi tunaoandika haya tulijifunza jedwali la kuzidisha kwa madebe kabla hatujaliona ubaoni.

Tulijifunza pia mambo mengine. Tuligundua ya kwamba yupo mpimaji anayelitikisa debe ili matunda yashuke, akataka lijazwe tena, na kwamba mtoto akilalamika peke yake hufukuzwa, bali watoto kumi wakisimama pamoja debe halitikiswi. Tuligundua kwamba mchumaji hulipwa jioni ile, ilhali mwenye shamba hungoja malipo ya chama cha ushirika kwa miezi mingi. Wengi wetu tulishangaa kuona siku nyingine mtoto ana shilingi mfukoni na baba mwenye mibuni hana. Hilo ni somo la mtaji na la muda, na hapana mwalimu aliyeweza kulifundisha vizuri zaidi.

Mwezi wa Julai mwaka 1975 jalidi iliharibu mashamba ya Brazili, na mnamo 1976 na 1977 bei ya kahawa ikapanda kuliko ilivyopata kuonekana. Mabati yakang'aa vilimani. Mikono ya kuchuma ikatakiwa zaidi, na dawati la mtoto likabaki tupu siku ya kuchuma. Kisha mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yakavunjika na bei ikaporomoka. Wako waliong'oa mibuni yao na wako waliozitelekeza. Mtoto aliyeiacha shule kwa ajili ya kahawa hakuwa na shule tena, wala hakuwa na kahawa.

WAVULANA WA WAMUMU

Yafaa tukumbuke jambo moja la siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Watu wa Embu na Meru walikusanywa katika vijiji vyenye handaki na miiba, na biashara nyingi zikasimama, maana mtu hakuweza kwenda gulioni pasipo ruhusa. Wavulana kwa mamia walikamatwa wakatiwa kambini pamoja na watu wazima. Katikati ya miaka ya 1950 Serikali iliwatenga wavulana hao, ikawapeleka Wamumu, katika tambarare ya Mwea, ambayo zamani hizo ilikuwa katika wilaya ya Embu na leo ni ya Kirinyaga. Huko walifundishwa kusoma, na pia useremala, ushonaji, uashi na kazi nyingine za mikono.

Hatuisifu kambi, mtoto hakustahili kufungwa. Lakini jambo lililoonekana pale lilikuwa la maana: mvulana aliyesemwa kuwa ni hatari, alipopewa chombo mkononi na kitabu mezani kwa wakati mmoja, alibadilika. Mmoja wa waliofanya kazi huko, Bwana Geoffrey Griffin, alichukua fundisho hilo hadi Nairobi, na mwaka 1959 akashirikiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kuianzisha Starehe kwa ajili ya watoto wa mitaani. Chombo na kitabu pamoja: neno hilo tunaomba wanachama walishike, maana tutalirudia.

MIRAA NA MUGUKA

Sasa twafika penye kidonda. Miraa ya Igembe na Tigania huchumwa asubuhi, hupangwa, hufungwa katika shurba. Shurba kumi hufanya bunda, na bunda hufunikwa kwa majani ya mgomba ili lisinyauke. Nguvu yake hupungua baada ya siku mbili hivi, na kwa hiyo gari litokalo Maua au Kangeta huenda mbio kama lililoiba. Katika Mbeere ipo muguka, ambayo huchumwa majani na kuuzwa ikiwa majani. Biashara hizi mbili zimejenga nyumba na zimelipa karo. Asemaye vinginevyo hajafika huko.

Lakini tawi jembamba la mti mrefu halimbebi mtu mzima. Mvulana mwepesi ndiye apandaye, na kidole chake kidogo ndicho kifungacho upesi. Hulipwa siku ile ile. Akiwa na miaka 12 anaweza kuwa na fedha taslimu kumzidi mwalimu msaidizi wa kijijini, na ni vigumu kumwambia mtu mwenye fedha kwamba anapungukiwa na kitu. Ndivyo shule nyingi za upande ule zilivyowapoteza wavulana.

Na soko hilo halina huruma. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, na Uingereza ikafuata Juni 2014. Somalia ilizizuia ndege za miraa kutoka Kenya mwezi wa Machi 2020, hata zikaruhusiwa tena Julai 2022. Mwezi wa Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilijaribu kuifungia muguka milango. Kila mara mlango ulipofungwa, mwenye shamba alipata hasara ya mwaka. Kijana aliyeacha darasa la tano ili apande miti alipata hasara ya maisha, kwa maana alijua kazi moja tu, na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa watu asiowajua katika miji asiyoiona.

Hapa ndipo tunapotofautiana kidogo na mama yetu wa kibandani, ingawa twamheshimu. Si kila kazi ya fedha inamfundisha mtoto biashara. Mvulana apandaye mti kwa ujira hajui bei ya bunda huko liendako, hashiki daftari, hachagui mnunuzi. Yeye ni kibarua mdogo. Bali mtoto auzaye mayai ya kuku wake mwenyewe, akaweka senti moja kando kwa chakula cha kuku na nyingine kwa kalamu, huyo ni mfanyabiashara, hata kama mtaji wake ni kuku mmoja.

SHERIA NA SHULE

Tangu Uhuru nchi imejaribu kulifungua fundo hili kwa njia nyingi. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliitembelea Kenya, ukaitangazia dunia kwamba biashara ndogo ndogo, ambazo baadaye tuliziita jua kali, si aibu ya nchi bali ni nguvu yake. Mwaka 1985 mpango wa 8-4-4 ulileta ufundi, kilimo na biashara katika madarasa ya msingi, ingawa karakana nyingi zilijengwa kwa michango na kukosa vifaa. Januari 2003 karo ya shule za msingi ikafutwa, na wengi waliokuwa wakichuma kahawa ili wapate karo wakarudi darasani wakiwa na ndevu zinazoanza kuota.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mtoto wa chini ya miaka 13 asiajiriwe kabisa, na wa miaka 13 hadi 16 aweza kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kuhudhuria shule. Katiba ya mwaka 2010 yamlinda mtoto na kazi ya hatari na ya kunyonywa. Wanachama wataona ya kuwa sheria haikumkataza binti kumsaidia mama yake sokoni siku ya Jumamosi. Imekataza Jumamosi ile isigeuke kuwa Jumatatu.

NENO LETU WENYEWE

Maadamu tumewasema wengine, yatupasa tujiseme. Katika nyumba yetu tulikuwa wavulana wawili na dada mmoja mkubwa. Dada yetu alianza kuuza ndizi mbivu penye kituo cha magari Runyenjes alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwanzoni siku za likizo tu. Alikuwa na akili ya biashara isiyo ya kawaida. Alijua ni magari gani yanayobeba watu wa mshahara, na alijua kuziuza ndizi mbivu mno kabla ya saa sita. Faida yake haikukaa mkononi mwake. Ilitiwa katika kopo la nyumbani. Likizo zikarefuka. Alipofika darasa la saba hakurudi tena, na sisi wavulana tulikwenda shule ya sekondari ya misheni, tukafundishwa kuandika barua kama hii.

Hapana mtu aliyemwonea kwa makusudi. Kila mtu alisema, "Huyu anaiweza biashara," na sifa hiyo ndiyo iliyomfungia mlango wa darasa. Leo ana kibanda chake, na kwa hesabu ya kichwa hutushinda sisi tulio makarani. Lakini alipoomba mkopo miaka michache iliyopita, aliziweka karatasi mbele yetu ili tumsomee, na tulipomaliza kusoma hatukuweza kumtazama machoni.

Kwa ajili ya hayo hatuwezi kuafikiana na yule aliyesema Mfuko uwafukuze watoto wa sokoni. Mfuko ukiwafukuza, utakuwa umefanya rasmi lile lililofanywa nyumbani mwetu kwa upole. Wala hatuwezi kusema waachwe tu.

MAPENDEKEZO

Twaiomba Halmashauri iyapeleke haya mbele ya Mkutano ujao. Mtoto wa mwanachama anayefanya biashara asinyimwe karo, bali mzazi aonyeshe kitabu cha mahudhurio ya shule. Fedha ya mtoto iandikwe katika daftari lake, kwa mkono wake, na sehemu yake ibaki kuwa yake, awe wa kiume au wa kike. Kazi ya kupanda miti ya miraa, kubeba mizigo mizito na kuuza barabarani usiku isihesabiwe kuwa mafunzo. Na msichana aliyeacha shule ili ndugu zake wasome apewe nafasi ya kwanza katika madarasa ya jioni ya Chama, hata akiwa amekwisha kuwa mama.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Twaongeza kwa heshima kwamba mtoto naye akitumika bila daftari, utoto wake huisha bila habari. Nchi hii ilipata kuwa na magulio kabla ya kuwa na barabara, na watoto wake wamezaliwa na akili ya soko. Haitufai kuizima akili hiyo, wala haitufai kuila. Kikapu kikae mkono mmoja na kitabu mkono wa pili, na wakati mikono ikichoka, kitangulie kuwekwa chini kikapu.

Twawashukuru wanachama wote waliotupa habari zao, na twamshukuru dada yetu, aliyeturuhusu kuandika habari zake baada ya kusomewa kurasa hizi, akasahihisha bei ya ndizi mahali pawili.

Ni sisi, Makarani wa Chama.